Saba kwa Sita, na Barua Nisiyoisaini

Mbeya, Jumapili, mwezi wa saba, saa kumi jioni. Baridi ya kuvaa soksi mbili. Ukungu umeukalia mlima Loleza tangu asubuhi na hauonyeshi nia ya kuondoka.

Ndugu wananchi, kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba bingwa wa krokei wa klabu yetu, ambaye ni mimi, Mama Tusa, mwalimu wa Jiografia, miaka hamsini na mmoja, goti la kushoto bovu, aliangushwa Jumamosi ya wiki iliyopita kwa malango saba kwa sita. Ubingwa huo aliushikilia miaka mitatu mfululizo dhidi ya wapinzani kumi na watatu, ambao wawili kati yao huja kwa ajili ya sambusa tu. Bendera zipepee kama kawaida. Masoko yafunguliwe. Mfiwa haombi pole.

Ningeishia hapo, nikanywa chai yangu, na dunia isingepungukiwa kitu.

Ila mezani kwangu kuna barua. Inatakiwa isainiwe na kurudishwa kesho Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba mume wangu ameniuliza kama ni ya mapenzi. Nimemwambia ingekuwa ya mapenzi ningekuwa nimeshaijibu.

Kwanza niwaeleze wasiojua, maana shangazi zangu watatu husoma ukurasa wangu huu na mmoja bado anadhani krokei ni aina ya mkate. Ni mchezo wa nyundo ya mti yenye mpini mrefu, mipira, na vilango vya chuma vilivyochomekwa kwenye ukoka. Wachezaji wawili, kila mmoja ana mipira miwili. Unapiga mara moja, mwenzako anapiga mara moja. Anayepitisha mpira langoni kwanza anapata pointi, kisha wote mnahamia lango linalofuata. Wa kwanza kufika saba ameshinda. Ukiona mpira wa mwenzako umekaa pazuri, unaugonga uende zake mbali. Hapo ndipo ulipo utamu wa mchezo, na ubaya wake wote.

Klabu yetu ni kiwanja kimoja nyuma ya jengo la zamani. Wazungu walioupanda ukoka waliondoka, wazee wa Kihindi wa mjini wakaumwagilia maji miaka yote ile, na sasa tumo sisi: walimu, manesi, wastaafu, na Bwana Harish, mwenyekiti wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Baba yake alicheza hapa, babu yake alicheza hapa. Kanuni za klabu amezichapa upya, akazitia kwenye fremu ya kioo, akazitundika ukutani. Vaa nyeupe. Viatu visiwe na kisigino. Usisimame mbele ya anayelenga. Usiongee wakati anapiga. Kivuli chako kisiguse mpira wake. Usikatize mbele yake. Pita nyuma, polepole.

Siku ya kwanza nilipozisoma nilicheka peke yangu. Yote hayo nilishafundishwa mwaka nilioolewa, Tukuyu, na mama mkwe wangu, kuhusu baba mkwe wangu.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Niliolewa kwa Wanyakyusa, na ndugu zangu wa Kihehe walinionya kwamba huko mkwe ni kazi ya kudumu isiyo na likizo. Zamani mkamwana akimwona baba mkwe anakuja njiani, alijitupa migombani mpaka mzee apite. Siku hizi tumelegeza, la sivyo ningekuwa nimeishi migombani. Namsalimia kwa magoti. Simtaji jina. Simwangalii usoni. Sipiti mbele yake. Namwita Baba, na yeye ananiita mwanangu, na tumekaa hivyo miaka ishirini na sita bila kugombana, jambo ambalo siwezi kusema kuhusu mtoto wake.

Mama mkwe alipofariki mwaka juzi tulimleta Baba akae nasi hapa mjini. Ana miaka sabini na sita. Maisha yake yote ya kazi aliyafanya Mafinga, kwenye mashine za kupasua mbao, akisimama mbele ya msumeno na kuamua kwa jicho kama ubao umenyooka. Hapa nyumbani hakuwa na cha kunyoosha. Alinyoosha uzio. Alinyoosha picha zote ukutani. Alipomaliza akaanza kukaa tu, na kukaa kwake kulinitia hofu kuliko ugonjwa.

Ndipo nikampeleka klabuni aote jua. Alikaa kwenye benchi Jumamosi tatu. Ya nne, Bwana Harish akampa nyundo. Ikawa basi. Alikuwa akiamka mapema kuliko kuku, anakwenda kufanya mazoezi kabla umande haujakauka. Akaanza kula vizuri. Akanunuliwa suruali nyeupe na mwanawe, akaipeleka kwa fundi ipunguzwe, akairudisha kwa fundi kwa sababu mguu mmoja ulizidi mwingine kwa upana wa kucha.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka ratiba ilipobandikwa, nikakuta fainali ni mimi na yeye.

Fainali yetu si ya kikombe. Mshindi ndiye anayekwenda Iringa kuichezea klabu, Jumamosi inayokuja. Gari linaondoka Ijumaa asubuhi na linasimama Mafinga watu wale chakula cha mchana. Baba alikuwa ameshampigia simu rafiki yake wa msumeno, mzee mwenzake, amwambie asimame kando ya barabara na wenzake waliobaki. Wamwone anapita amevaa nyeupe. Hilo hakuniambia mimi, mambo kama hayo hayaambiwi mkamwana. Nililisikia kupitia ukuta, na kuta zetu ni nyembamba kuliko kanuni zetu.

Basi tukacheza. Mnajua matokeo.

Nilipotoka uwanjani, Mama Sekela, katibu wa klabu na mzee wa kanisa letu, alinikumbatia. Aliniambia mkwe kama mimi watu wanamtafuta kwa tochi na hawampati. Wengine wakaitikia. Nesi mmoja akasema ameona kwa macho yake nilivyouacha mpira wa mzee upite, akaguswa sana. Wakanizunguka na sambusa. Nikaulizwa moja kwa moja kama nilimwachia.

Nikasema, "Ah. Mzee ni mzee."

Maneno matatu. Nimeshasahihisha insha za kurasa kumi zisizo na uongo mwingi hivyo.

Jumapili nikasifiwa kanisani. Jumatatu shuleni mwalimu wa Dini akanitolea mfano darasani. Jumanne nikajikuta natembea taratibu, kwa unyenyekevu, kama mtu anayepigwa picha. Sijawahi kupata sifa nyingi hivyo kwa kushinda.

Jumatano akaja Bwana Harish, na Mama Sekela nyuma yake, na bahasha. Nadhani mnaanza kuona. Kanuni nyingine ndani ya kile kioo inasema kila mchezaji atacheza kwa uwezo wake wote, na mchezo ulioachiwa haumhesabu mshindi. Nilikuwa nimekiri mbele ya wanachama tisa na sinia la sambusa. Barua inasema hivi, kwa ufupi: mimi nakiri sikucheza kwa uwezo wangu kwa sababu ya heshima ya ukwe, matokeo yanafutwa, mimi ndiye nitakwenda Iringa, klabu inampongeza mzee kwa ushiriki wake.

Ushiriki wake.

Bwana Harish si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hunyamaza katikati ya sentensi mama yake akikohoa ndani. Alikunywa chai yangu, akaisifu, kisha akasema lile lililonikaa kooni hadi leo. "Mama Tusa, mimi sikulaumu, ni mila yenu. Lakini Iringa hatupeleki mila. Tunapeleka mchezaji."

Mama Sekela akatikisa kichwa kukubali. Mama Sekela, ambaye mwenyewe akimwona kaka wa mumewe sokoni Mbalizi hujificha nyuma ya magunia ya viazi.

Niliwaambia nitafikiri. Nikawasindikiza mpaka getini kwa adabu, nikarudi ndani, nikakata kabichi kwa namna ambayo kabichi haikustahili. Watu husema Wahehe tuna hasira, na huwa nakana. Jumatano sikukana.

Kilichonikasirisha nimekichambua siku nne sasa. Wamemwangalia mzee mwenye jicho lile, aliyewafunga wote mmoja mmoja kufika fainali, wakaona haiwezekani. Wakaniangalia mimi, bingwa wa miaka mitatu, wakaona nimeacha kuwa bingwa siku nilipopiga magoti. Kwamba mwanamke mwenye mkwe wake mbele yake hana nyundo mkononi, ana mila tu. Na wote wawili tumepangwa hivyo na watu wanaotupenda, wanaotuletea sambusa.

Na aliyewapa kalamu ni nani? Ni mimi.

Ijumaa ilikuwa mbaya zaidi. Habari ilikuwa imeshamfikia Baba, sijui kwa mdomo wa nani, ingawa nikiambiwa ni Mama Sekela sitaanguka. Nilimpelekea chai barazani. Nikapiga magoti, nikaweka kikombe, nikawa nainuka.

Akauliza, "Mwanangu, ulinipa?"

Hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo. Kati yetu maswali ni ya mvua, na watoto, na kama sukari ipo. Nilitazama kikombe. Nikasema chai itapoa, Baba.

Akasema, "Haya." Baadaye nikamsikia kwenye simu kupitia ukuta uleule, anamwambia mwenzake wa Mafinga asihangaike kusimama barabarani. Hapiti tena. Hakueleza kwa nini, aliuliza tu habari za mguu wa mwenzake. Jumamosi hakwenda mazoezini. Alikaa. Ule mkao wake wa zamani, mikono magotini, anatazama uzio alioshaunyoosha.

Mimi ni mtu wa kupenda amani. Nikikanyagwa mguu huomba radhi mimi. Mume wangu anasema nikiibiwa nitamwuliza mwizi kama amepata vyote. Lakini leo, baada ya ibada, nikiwa nimekaa na barua hii na kalamu, niligundua kwamba sisaini. Sikuamua, niligundua tu, kama unavyogundua kwamba umeshiba.

Sisaini. Sisaini kesho kabla ya saa sita wala baada ya saa sita. Wanifukuze kwenye klabu, nitacheza na chupa za maji uani kwangu. Wanitoe kwenye ile fremu ya mabingwa, picha yenyewe nilifumba macho. Wampeleke Iringa mtu wa tatu, akafungwe saba kwa sifuri, halafu Bwana Harish aje anieleze vizuri kuhusu mila na mchezaji. Nami siendi. Hata gari likija mlangoni likapiga honi, siendi.

Nilidhani hiyo inatosha. Kukataa kunanoga, nilijisikia mrefu. Nikamweleza mume wangu, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo huwa analiuliza anapotafuta funguo zake: sasa ukweli uko wapi? Maana nisiposaini bila kusema kilichotokea, akasema, watu watasema namlinda mzee kwa mara ya pili, na ushindi wake utabaki zawadi vilevile.

Mtu ukikaa naye miaka ishirini na sita anakuwa na tabia ya kuwa sahihi siku usiyomtaka.

Basi nimeshakwenda barazani. Kabla ya kuandika hapa nimemwambia Baba yote, kwa sauti, nikiwa nimekaa kwenye kiti kama yeye, sio magotini, maana goti la kushoto lilikataa na mimi nikaliunga mkono. Aliyoyajibu nitayafikia. Na sasa nawaambia ninyi, na Bwana Harish, ambaye najua husoma hapa maana aliwahi kunisahihisha jina la ua. Atachapa hii na kuitia kwenye kioo akitaka.

Kilichotokea ni hiki.

Malango mawili ya kwanza nilimwachia. Hilo nakubali, sikuwa na roho ya kuugonga mpira wake. Nilipiga kwa ulaini, kama mtu anayesukuma mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Mbili kwa sifuri.

Lango la tatu mpira wake wa njano ulikaa mlangoni kabisa, na wangu wa bluu ukawa umeunyookea. Mkono ukaniwasha, nikaugonga. Ukaruka mpaka kwenye maua. Hapohapo magoti yakanishuka yenyewe, nikajikuta chini kwenye ukoka nikiomba radhi, watu wanacheka. Baba akaja mpaka karibu, akasimama pembeni, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuna mwingine aliyeisikia: "Inuka ucheze. Mpira si mimi."

Nikainuka. Na kuanzia hapo, ndugu zangu, nilicheza kama sijawahi kucheza. Hakuna heshima niliyomwekea. Niliipeleka mipira yake kwenye maua, kwenye uzio, mmoja chini ya benchi la Mama Sekela. Nilitoka nyuma, mbili kwa sifuri, mpaka sita kwa tano nikiongoza mimi. Yule nesi aliyeona nikiuacha mpira upite, aliona nilipokosea. Nilikosa, mzee akapita. Sita kwa sita. Nilikuwa nautaka ushindi ule mpaka meno yananiuma. Nilitaka kwenda Iringa, kwetu, dada zangu wanione.

Lango la mwisho. Mpira wangu mweusi ulikuwa hatua moja kutoka langoni, kwa pembe mbaya, na wa bluu umekaa nyuma yake unanibana nafasi ya kuvuta nyundo. Nikapiga kwa kifupi. Na nyundo ikaugusa mpira mara mbili.

Kuna kanuni moja sijaitaja. Krokei ya klabu haina refa. Mpira ukiguswa mara mbili kwa pigo moja ni kosa, na kosa hilo mara nyingi halionekani wala kusikika na mtu mwingine. Linasikika mkononi. Kwa hiyo anayelitangaza ni aliyelifanya. Anainua mkono, anasema, nimegusa mara mbili, na mpinzani anaamua mipira ibaki au irudi. Hakuna kingine kinachoulinda mchezo huu zaidi ya hapo. Mimi husimamia mitihani ya watoto wa watu kila mwaka, natembea kati ya madawati nikitafuta karatasi kwenye soksi.

Sikuinua mkono.

Mpira ulikwenda, ukagonga chuma, ukakaa pembeni ukiziba nusu ya lango. Haukupita, lakini ulikuwa umekaa pazuri kwangu na pabaya sana kwake. Kama ningetangaza, angeurudisha, na lango lingekuwa wazi mbele yake.

Baba hakupiga mara moja. Alisimama muda mrefu. Watu walidhani analenga, na mimi nikajiambia analenga, ila hakuwa anautazama mpira. Alikuwa ananitazama mimi. Na mimi nikatazama chini, kama mkamwana mwema anavyotakiwa kutazama chini, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nikashukuru kwamba mila hainiruhusu kumwangalia usoni.

Leo barazani ameniambia kwamba alikiona kichwa cha nyundo kikirudi kwenye mpira. Amesema alikuwa ananisubiri niseme. Aliponiona sisemi, anasema, ndipo akaangalia upana uliobaki.

Ulibaki upana wa mpira na labda unene wa shati. Yeye yuko mbali, hatua sita hivi. Akafumba jicho moja. Akapiga mara moja, safi, na mpira wake mwekundu ukapita kati ya chuma na mpira wangu bila kugusa chochote, ukaenda ukasimama upande wa pili.

Kwa hiyo, Bwana Harish, mimi nilimwachia malango mawili, nikajaribu kumnyang'anya yote yaliyobaki, nikamwibia la mwisho, na akalichukua hivyohivyo. Hiyo ndiyo saba kwa sita. Adhabu ya kosa lisilotangazwa mnaijua, ni msimu mzima nje. Nipeni. Yeye mpeni kiti cha mbele kwenye gari, wa Mafinga wameshapigiwa simu tena wajitokeze barabarani.

Baada ya pigo lile niliweka nyundo chini. Nikaenda mbele yake, nikapiga magoti kumpongeza, kama nilivyozoea. Ndipo watu wakaanza kupiga makofi. Nilikuwa chini pale, najua nilichofanya, najua alichofanya yeye, na nikasikia makofi yanakuja upande wangu, nikayapokea.